Haya, Subira na Kipimo cha Mtoto Mwema: Saikolojia Chanya kama Uwanja wa Utafiti wa Kiswahili Kusini mwa Pwani ya Kenya

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayewazia shahada ya utafiti aghalabu huelekeza macho kwenye riwaya, ushairi, isimu au lahaja. Mambo ya nafsi ya mtoto na furaha yake darasani huwaachia wenzake wa Kitivo cha Elimu. Hao nao, wanapojiandaa kwenda Kwale na hojaji zilizotungwa kwa Kiingereza, humwita huyohuyo mwanafunzi wa Kiswahili awatafsirie kwa malipo ya siku mbili tatu, kisha jina lake huishia kwenye ukurasa wa shukrani. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo wa kazi una kasoro kubwa. Katika saikolojia chanya ya elimu, kutafuta neno linalofaa si kibarua kinachotangulia utafiti; mara nyingi ndio utafiti wenyewe. Neno likikosewa, kipimo humpa mtoto sifa asizokuwa nazo au humnyima alizo nazo, na tarakimu zinazotokana nacho huenda zikaingia katika sera za shule bila mtu kushuku lolote.

Diani, Msambweni na maeneo ya bara ya Kwale yamechaguliwa kuonyesha hoja hii kwa sababu huko lugha jamaa hukutana katika darasa moja, na kila lugha ina namna yake ya kumtaja mtoto aliyeleleka.

Tawi lenyewe na orodha yake

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili, saikolojia ilijishughulisha na maradhi: huzuni, wasiwasi, uraibu na kuchanganyikiwa. Mwaka 1998 Martin Seligman, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, aliwahimiza wenzake wachunguze pia yale yanayoyafanya maisha yawe na thamani. Januari 2000 yeye na Mihaly Csikszentmihalyi walichapisha katika jarida la American Psychologist makala yaliyofungua njia hiyo rasmi. Miaka minne baadaye, Seligman na Christopher Peterson walitoa kitabu kikubwa kilichoorodhesha nguvu 24 za tabia chini ya fadhila sita: hekima, ujasiri, ubinadamu, haki, kiasi, na ile hali ya kuifungamanisha nafsi na jambo lililo kubwa kuliko nafsi yenyewe. Shule nazo hazikukawia. Shule ya Geelong Grammar nchini Australia ilianza mwaka 2008 kuyaingiza mafunzo hayo katika maisha yote ya wanafunzi wake, na tangu hapo elimu chanya imekuwa na wafuasi, majarida na, bila shaka, wauzaji wake.

Orodha ile ya nguvu 24 ilikuja hadi Kenya mapema. Mwaka 2006 Robert Biswas-Diener alichapisha utafiti uliowalinganisha Wamaasai 123 wa Kenya, Wainughuit 71 wa kaskazini mwa Greenland na wanafunzi 519 wa Chuo Kikuu cha Illinois. Makundi yote matatu yalikubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba nguvu zile zipo, zinatamanika, na watoto wanaweza kulelewa nazo. Matokeo hayo yametajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba orodha ni ya binadamu wote. Ushahidi huo hauna budi kutazamwa kwa tahadhari. Mtu akisomewa neno zuri na kuulizwa kama ni zuri, atajibu ndiyo. Kinachobaki gizani ni maneno ambayo angeyataja yeye mwenyewe kabla ya kusomewa orodha ya mgeni. Wanaisimu wanaifahamu tofauti hii vyema: ni sawa na kumwuliza msemaji kama sentensi fulani inakubalika, badala ya kumsikiliza anavyozungumza.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa jarida hili ni neno utu. Katika orodha ya Peterson na Seligman, fadhila ya ubinadamu ina nguvu tatu tu: upendo, wema, na uwezo wa kutambua hisia na nia za watu. Mtafsiri mwenye haraka ataiita fadhila hiyo utu. Lakini utu wa Mswahili haukai katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita. Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu falsafa mjini Mombasa, alilishughulikia suala hili kwa kirefu akiutumia utenzi wa Ahmad Nassir, Mtu ni Utu, na ilibainika kwamba dhana hiyo hubeba maadili, elimu, mwenendo na wajibu kwa wengine kwa pamoja. Anayeiweka dhana hiyo chini ya kichwa kimoja kati ya sita amekwisha kuikata kabla ya kuanza kuipima.

Neno kushamiri

Nchini Kenya mradi unaojulikana zaidi katika uwanja huu una jina la Kiswahili. Tom Osborn na wenzake waliuita Shamiri. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, wanafunzi 413 wa shule za upili walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mafunzo kuhusu uwezo wa mtu kukua na kubadilika, shukrani, na maadili anayoyathamini. Kundi jingine lilifundishwa mbinu za kudurusu. Waliofundisha hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza shule ya upili. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi katika kundi la kwanza. Hilo ni jambo la kutia moyo katika nchi yenye uhaba mkubwa wa wataalamu wa afya ya akili.

Jina hilo linastahili kuchunguzwa kidogo na watu wa lugha. Kushamiri ni kuenea na kustawi, lakini msomaji wa magazeti anajua kwamba siku hizi vinavyoshamiri zaidi ni ufisadi, magendo na ulevi. Kunawiri kuna nuru ndani yake, na huelezea zaidi uso, ngozi na mimea. Ustawi umetekwa na ofisi za serikali: mtu akisikia ustawi wa jamii hufikiria dawati na fomu. Raha ni kupumzika. Furaha ni msisimko wa moyo unaokuja na kuondoka. Heri hupewa mtu na Mungu, haitafutwi kwa mazoezi ya wiki nne. Hakuna ubaya katika waanzilishi kuchagua jina walilolichagua, nalo limewafaa. Hoja ni kwamba dhana moja ya Kiingereza, ile ambayo Seligman aliifanya jina la kitabu chake cha mwaka 2011, huangukia Kiswahili kama embe lililoiva sana: hupasuka vipande, na kila kipande kina ladha yake. Wanafunzi wa sarufi watakumbuka pia kwamba shamirisho, kile kijazacho maana ya kitenzi, limetokana na mzizi huohuo. Kushamiri kwa mtu, kwa mantiki hiyo ya neno, ni kujazwa na kitu kilicho nje yake. Huenda hiyo ikawa nadharia bora ya ustawi kuliko nyingi zilizochapishwa.

Maneno yanayoteleza

Ili hoja isibaki angani, ifikiriwe hojaji ya kubuni inayopelekwa katika shule ya msingi ya Msambweni kupima kujiamini, ustahimilivu, matumaini na furaha. Mifano ifuatayo haikutolewa katika kipimo chochote kilichochapishwa. Imetungwa kwa kufuata namna vipimo vya aina hii vinavyoundwa kwa kawaida.

Katika sehemu ya kujiamini kuna kauli inayokusudiwa kumaanisha kwamba mtoto haogopi kusema mbele ya watu. Mtafsiri anaandika: sina haya ninapozungumza mbele ya watu wazima. Kisarufi hakuna kosa. Kimaana, mtoto wa pwani ameombwa ajitukane. Asiye na haya ni mtovu wa adabu, na haya ni pambo. Katika malezi ya Kiislamu ni sehemu ya imani. Mtoto aliyeleleka vyema atajibu kwamba hakubaliani kabisa na kauli hiyo, na kompyuta itamhesabu kuwa hajiamini. Mtoto mwingine, ambaye kwao hakuna wa kumkanya, atakubali na kupata alama tano. Kuna njia za kuepuka mtego huu: siogopi, au nazungumza bila wasiwasi. Lakini atakayeuona mtego ni yule anayejua kwamba haya, aibu, soni na fedheha si visawe, ijapokuwa kamusi ndogo huviweka pamoja.

Kujithamini nako kuna shida yake. Kauli ya aina ya najiona kuwa mtu bora inagongana na tabia ya kitenzi chenyewe, kwani kujiona, pasipo neno jingine mbele yake, ni kuwa na kiburi. Jamii inayosema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na inayoonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, haiwezi kutarajiwa kulea watoto watakaojisifu mbele ya mgeni mwenye kalamu. (Methali hiyo ya pili si pambo huko Kwale, ugemaji wa minazi ni kazi inayoonekana kwa macho.) Hapa kosa haliko katika tafsiri. Liko katika dhana kwamba anayejithamini atasema hivyo kwa kinywa chake.

Ustahimilivu ndio wenye hatari kubwa zaidi. Dhana ya Kiingereza inayotafutwa ni bidii isiyokatika mbele ya ugumu, mtu kuendelea kutenda. Kiswahili kina uvumilivu, subira, ustahimilivu, bidii na jitihada, na methali zake zimegawanyika katika kambi mbili zinazotambulika. Mvumilivu hula mbivu na subira huvuta heri ni za kungoja na kubeba. Mchumia juani hulia kivulini na mtaka cha mvunguni sharti ainame ni za kutenda. Mtafsiri akiandika navumilia mambo magumu shuleni, ameingia katika kambi ya kwanza bila kujua. Mtoto atawaza nini? Pengine njaa ya saa sita mchana. Pengine fimbo, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Pengine jambo zito zaidi ambalo hajamwambia mtu. Atajibu ndiyo, navumilia sana. Alama yake itapanda, na mateso yake ya kimya yataandikwa katika ripoti kama nguvu ya tabia.

Kuhusu matumaini, vipimo hupenda kauli za uhakika: nitafaulu maishani, nitapata kazi nzuri. Mtoto wa madrasa aliyefundishwa kutosema lolote kuhusu kesho bila kuongeza inshallah atasita. Kusita kwake si kukata tamaa. Katika hojaji yenye viduara vitano vya kujaza, hata hivyo, hakuna kiduara cha inshallah.

Na furaha? Anayeuliza mtoto wa Diani habari yake atajibiwa njema, kwa kuwa hilo ndilo jibu la salamu. Watu wazima pia hujibu njema kwanza, ndipo waseme kwamba wanauguza au wamefiwa. Swali la unajisikiaje siku hizi, likiulizwa na mgeni aliyetoka tu kuamkiwa, litasikika kama salamu nyingine na kupokea jibu la salamu. Mtafiti atarudi chuoni akiwa na wastani wa juu wa furaha, kumbe amepima adabu.

Yapo pia maneno yanayokwenda upande wa pili, yaani sifa zilizo wazi kwa wenyeji lakini hazina nafasi katika orodha. Imani ni mojawapo. Pwani, mtu mwenye imani ni mcha Mungu na pia ni mwenye huruma. Kusema kwamba fulani hana imani ni kusema ni katili. Orodha ya nguvu 24 inaweka ucha Mungu na wema katika fadhila mbili tofauti, hali lugha imevifunga pamoja. Radhi ni neno jingine: mtoto mwenye radhi za wazazi wake anaaminiwa kuwa njia yake imenyooka, na aliyezikosa hatapata utulivu hata akiwa na mali. Hakuna kipimo cha ustawi kinachoweza kuwaeleza vijana wa eneo hili kikikosa habari ya radhi. Utundu nao ni wa kuchekesha. Mtoto mtundu ni msumbufu, tena ni mbunifu anayefungua redio ili aone sauti inatoka wapi. Mwalimu akiandika katika ripoti kwamba mwanafunzi ni mtundu, mzazi hajui kama apike pilau au atafute fimbo.

Watafiti wana dawa wanayoiamini kwa matatizo haya, nayo ni tafsiri rejeshi, utaratibu uliopata umaarufu kutokana na kazi za Richard Brislin tangu mwaka 1970. Mtu wa kwanza hutafsiri kwenda Kiswahili, wa pili ambaye hajaona matini asilia hurudisha katika Kiingereza, kisha matini mbili hulinganishwa. Utaratibu huu hukamata makosa ya wazi. Hauwezi kukamata yaliyoelezwa hapa. Neno uvumilivu hurudi katika Kiingereza salama salimini kama lilivyokuwa, kwa sababu watafsiri wote wawili wamesoma kamusi ileile na shule zilezile. Duara linafungika vizuri na maana imebaki nje. Dawa iliyo bora ni kuketi na watoto wachache, kuwasomea kauli moja moja, na kuwaomba waeleze kwa maneno yao wamesikia nini na waliwaza nini walipojibu. Kazi hiyo huchukua majuma, na inahitaji sikio la mtu wa lugha.

Kwale kama uwanja wa utafiti

Kaunti ya Kwale si mahali pageni kwa watafiti wa elimu. Kati ya mwaka 2010 na 2012, katika zilizokuwa wilaya za Kwale na Msambweni, ulifanyika utafiti mkubwa uliojulikana kwa kifupi kama HALI, uliounganisha afya na usomaji katika shule 101 za msingi za serikali. Sehemu moja iliwapima watoto malaria kila muhula na kuwatibu waliopatikana nayo. Sehemu nyingine iliwasaidia walimu wa darasa la kwanza kufundisha kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, wakapewa mafunzo, mipango ya masomo na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Upimaji wa malaria, kinyume na matarajio, haukuonyesha nafuu katika upungufu wa damu wala katika umakini wa watoto darasani. Usaidizi wa walimu ulileta maendeleo katika usomaji. Jambo lililowashangaza wengi zaidi ni kuhusu kuacha shule: katika shule zilizosaidiwa walioacha walikuwa asilimia 2.1, na katika shule nyingine asilimia 5.3.

HALI haukuwa utafiti wa saikolojia chanya. Hata hivyo unamfaa sana anayetaka kuingia uwanja huo, kwa kuwa matokeo yake yanazua swali ambalo takwimu haziwezi kulijibu peke yake: mtoto anayeanza kuelewa herufi anapata nini moyoni kinachomfanya arudi shuleni kesho yake? Kiswahili cha mitaani kina majibu tayari. Kuna kupata moyo, kuona njia, kufunguka macho. Hakuna aliyeyakusanya.

Kuna suala la lugha ya nyumbani. Wenyeji wengi wa eneo hili ni Wadigo na Waduruma. Kidigo, au Chidigo kama wanavyokiita wenyewe, kimo pamoja na Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, na ukaribu huo ndio unaodanganya. Mtafiti huona watoto wakicheza kwa Kiswahili, akahitimisha kwamba hojaji ya Kiswahili inatosha. Katika Wasini na Vanga kuna Kivumba, chenye sura yake mbali na Kiswahili sanifu. Msambweni kuna pia Wamakonde, ambao walitambuliwa rasmi kuwa raia na kabila la Kenya mnamo 2016 na 2017 baada ya miongo mingi ya kuishi bila vitambulisho. Mtoto aliyesahihishwa shuleni kwa kuchanganya lugha huchukua swali la Kiswahili sanifu kama mtihani, na hutafuta jibu sahihi badala ya jibu lake. Bahati njema, vifaa vipo. Kamusi ya Mgombato ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, iliyoandaliwa na Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu, ilitoka mwaka 2004, na ni mahali pazuri pa kuanzia kukusanya maneno ya sifa na tabia.

Suala hili limekuwa la haraka tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa Kenya mwaka 2017. Mtaala huo unawataka walimu wakuze na kutathmini heshima, uwajibikaji, uadilifu na imani ya mtoto katika uwezo wake. Mwalimu wa Lunga Lunga sasa anajaza fomu zinazohukumu tabia. Kwa neno lipi, na kwa maana ya nani?

Upande wa pili wa mpaka, Mtwara, upo mfano wa namna ya kuanza vizuri. Matthew Jukes, ambaye pia alikuwa miongoni mwa watafiti wa HALI, na wenzake wa Tanzania walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa namna wazazi na walimu wa huko wanavyozungumzia sifa za mtoto. Hawakuanza na orodha. Waliwauliza watu, wakasikiliza. Heshima, utii na nidhamu vilijitokeza kwa nguvu, na heshima ilielezwa kama kitu kinachomjengea mtoto maisha yake ya baadaye, si unyonge. Kujiamini na udadisi, vinavyopendwa na vitabu vya ng'ambo, vilisisitizwa zaidi na walimu kuliko wazazi. Utafiti wa aina hiyo ukifanywa Msambweni na mtu anayemudu Kiswahili na Kidigo, akaongeza methali, nyimbo za kubembeleza, mawaidha ya harusini na hadithi za bibi kama data, utakuwa umekwenda mbali kuliko ule wa Mtwara. Pwani imekuwa na watu waliowahi kufikiri hivyo. Programu ya elimu ya awali ya madrasa, iliyoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na juhudi za Bi Swafiya Said, ilijengwa juu ya maadili, nyimbo na hadithi za wenyeji, na ilifika Kwale pia.

Njia ya shahada

Anayetaka kusomea saikolojia chanya kwa jina lake hana budi kutazama mbali. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianzisha shahada yake ya uzamili mwaka 2005, Chuo Kikuu cha East London kikafuata mwaka 2007, na barani Afrika kituo kinachojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha North-West, Afrika Kusini. Nyingi za shahada hizo za uzamili ni za kufundishwa darasani, zenye mradi mfupi mwishoni. Anayetaka utafiti wa kina asidanganywe na jina. Ada zake, kwa mwanafunzi wa Kwale, ni mlima.

Njia ya pili, ambayo makala haya yanaipendelea, ni kujisajili katika idara ya Kiswahili hapahapa nchini kwa mada ya semantiki, fasihi simulizi au isimujamii, na kuomba msimamizi wa pili kutoka saikolojia ya elimu. Vyuo vingi humpa mtahiniwa wasimamizi wawili, kwa hiyo jambo hili halihitaji kuvunjwa kwa kanuni. Linahitaji wahadhiri wawili wanaokubali kusomana. Ugumu huanzia hapo.

Baada ya pendekezo kutetewa, huja vibali. Kamati ya maadili iliyoidhinishwa hupitia pendekezo kwanza, kisha leseni hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Leseni hiyo hupelekwa kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ndipo mtafiti afike kwa mwalimu mkuu. Mzazi hutia sahihi, na mtoto mwenyewe huombwa ridhaa yake kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai uangalifu zaidi kwa habari za watoto. Vijijini, chifu na wazee wasipopigiwa hodi, barua zote hizo ni karatasi tu.

Diani inahitaji tahadhari ya pekee. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2006 ilieleza unyanyasaji wa kingono wa watoto unaoambatana na utalii katika pwani ya Kenya, Kwale ikiwemo. Mtafiti anayekwenda kuuliza kuhusu furaha na matumaini katika eneo la hoteli za ufukweni anaweza, bila kutarajia, kuambiwa jambo ambalo sheria na dhamiri havimruhusu kulinyamazia. Jina la afisa wa watoto na la mshauri nasaha liwe limeandikwa katika daftari lake kabla ya siku ya kwanza. Vilevile zoezi la kumtaka mtoto aandike mambo matatu anayoyashukuru ni jema, lakini kwa mtoto aliyekuja shuleni na njaa linaweza kuwa kejeli. Kosa hilo si la saikolojia chanya kama elimu. Ni la anayedhani kwamba nguvu za tabia hula badala ya ugali.

Kalenda nayo ina maana yake. Data kuhusu subira na nguvu za mwili iliyokusanywa mwezi wa Ramadhani haiwezi kulinganishwa na ya mwezi mwingine, na wiki ya mitihani humfanya kila mtoto aonekane na wasiwasi.

Limebaki suala la lugha ya tasnifu. Idara za Kiswahili hupokea tasnifu za Kiswahili. Za saikolojia na elimu nchini Kenya, kwa desturi, hutaka Kiingereza. Mwanafunzi aliyesajiliwa katika idara hizo atasikiliza kwa Kidigo, ataandika daftari lake kwa Kiswahili na kuchapisha kwa Kiingereza, na katika kila hatua haya, imani na radhi zitabadilishwa na neno lililo karibu. Kama hana uchaguzi, angalau aikazanie hoja moja mbele ya wasimamizi: maneno ya watoto na wazee, kama yalivyotamkwa, yawekwe ndani ya sura ya matokeo pamoja na ufafanuzi wake, yasipelekwe katika viambatisho, ambako watahini wengi hawafiki.